Kinachomvuta binti jeshini, na kinachombakisha huko

Orodha ya wahitimu wa kidato cha sita walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ikishatoka, kwa kawaida Mei kuingia Juni, mafundi cherehani wa Ngamiani jijini Tanga hupata kazi ya aina moja: bukta ya bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu. Binti anasoma maelekezo kwenye simu, mama ndiye anayezungumza. "Fundi, ishuke mpaka gotini, wameandika magotini. Mwanangu huyu ana miguu mirefu, usije ukanibania kitambaa." Bukta ikikamilika, bado kuna fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, shuka mbili za bluu bahari, na nauli ya kwenda na kurudi.

Binti huyo hakuomba kwenda. Anakwenda kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu, sawa na wenzake wa kiume. Utaratibu huo ulisitishwa 1994 ukarejeshwa 2013. Mtaa wa pili yuko mwingine aliyeishia kidato cha nne, ambaye amepeleka maombi ofisi ya Mkuu wa Wilaya ili aende kwa kujitolea, miaka miwili. Na yuko wa tatu, aliyemaliza JKT zamani kidogo, cheti kipo kabatini, anasubiri tangazo la nafasi za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mtu akiuliza wasichana wanavutwa na nini jeshini, anauliza habari za mabinti watatu wenye majibu matatu. Kuwachanganya hao watatu ndiko kunakozaa maneno mengi yasiyo na msingi barazani, na ndiko kunakowaponza mabinti wenyewe.

Barazani majibu huwa mawili. Wazee husema uzalendo, vijana husema ukosefu wa ajira. Yote mawili yana ukweli wake, lakini hayafiki mbali. Kama ni ajira tu, kwa nini binti achague kazi itakayomwamsha kabla ya adhana ya alfajiri, impunguze nywele, na ikimpa likizo impe kwa kibali? Na kama ni uzalendo tu, kwa nini idadi ya waombaji hupanda sana mwaka ambao tangazo limetoka, na mwaka usio na tangazo maneno hayo hayasikiki? Kuna kitu kati ya hayo mawili, na hicho ndicho cha kukichimba.

Tazama kazi anazoweza kuzipata Tanga binti mwenye cheti cha kidato cha nne: kuuza duka la mtu, saluni, kazi za ndani, kibanda cha mama lishe, kibarua kiwandani au shamba la mkonge. Katika nyingi ya hizo mshahara ni mapatano ya mdomo. Unapanda bosi akipenda, unashuka biashara ikilala, na siku binti akiugua hakuna karatasi inayosema anadai nini. Jeshini mshahara unafuata cheo na muda wa utumishi. Koplo wa kike na koplo wa kiume wenye utumishi sawa wanasoma jedwali moja. Ngazi zinajulikana tangu siku ya kwanza: koplo, sajenti, sajinitaji na kuendelea; kwa upande wa maafisa, luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, hadi majenerali. Juu ya hapo kuna makazi, matibabu, sare, kusomeshwa na pensheni, na vyote hivyo vinaandikwa kwa jina lake yeye, na namba yake ya jeshi, bila kupitia kwa baba, mume wala mjomba.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye kiini. Binti wa pwani amezoea mali kuandikwa jina la mtu mwingine: kiwanja cha baba, nyumba ya mume, duka la kaka. Jeshi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo msichana wa miaka ishirini, asiye na mtaji wala ndugu mkubwa serikalini, anaweza kuwa na haki iliyoandikwa kwa jina lake. Gwanda na buti huvutia macho, lakini macho huchoka. Jina kwenye orodha ya malipo halichoshi.

Historia ya hapa hapa inaonyesha uzito wa jambo hilo. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kwa kikosi cha watu wapatao 8,000 kilichotoka India, wakashindwa na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa na takriban watu 1,000, wengi wao askari Waafrika. Katika misafara ya vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliyodumu hadi 1918, nyuma ya askari walitembea wake zao, watoto mgongoni, vyungu na unga kichwani. Walipika, walichota maji, waliuguza majeruhi. Wanawake walikuwa vitani, ila hawakuwa na namba, cheo wala mshahara. Vitabu vinawataja kwa jumla tu: wake wa askari.

Miaka hamsini baadaye mambo yalianza kubadilika, tena kwenye ardhi ya Tanzania. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliunda kikosi chake cha wanawake mwaka 1967, na wasichana wa Msumbiji walipata mafunzo ya silaha Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Wale walivutwa na vita ya kuikomboa nchi yao. Hakuna aliyekuwa akihesabu pensheni. Tofauti hiyo ni muhimu. Vita ikiwa mlangoni, mwito wa nchi huzidi kila kitu, na majeshi huwafungulia wanawake milango kwa haraka. Amani ikirudi, majeshi mengi yamekuwa na tabia ya kuifunga tena milango hiyo, au kuwaweka wanawake chumba cha kando. Kenya iliunda kikosi maalumu cha wanawake 1971, na ilikuwa 1999 tu kilipovunjwa na wanawake kuingizwa katika vikosi vya kawaida. Fatuma Ahmed, aliyejiunga enzi za kikosi hicho, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kufikia cheo cha meja jenerali, mwaka 2018. Marekani ilifungua kazi zote za mstari wa mbele kwa wanawake kwa uamuzi wa Desemba 2015.

Kwetu, tangu 19 Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan, na Septemba mwaka huo huo Dkt. Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi. Picha ya mwanamke akikagua gwaride inafanya kazi moja kubwa nyumbani: inamaliza ule ubishi wa kama mwanamke anafaa. Haiongezi nafasi hata moja kwenye tangazo, na binti asije akadhani inaongeza. Lakini shangazi aliyekuwa akiuliza kila Idi "unaolewa lini?" sasa anauliza "umepangiwa kambi gani?", na hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwa mabinti wetu watatu, maana hapa ndipo makosa yanapotokea.

JKT, iliyoanzishwa 10 Julai 1963, si ajira. Katika kila tangazo la kujitolea JKT huandika wazi kwamba haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana ajira katika vyombo vya ulinzi au kwingineko. Sentensi hiyo huwa chini ya tangazo, na wazazi wengi hawafiki chini. Anayejitolea hupata mafunzo ya kijeshi, kisha kilimo, ufugaji au ufundi, na cheti. Cheti hicho kina thamani kwa sababu JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto hupenda kuchukua waliopita JKT, na baadhi ya matangazo hayamfikirii mtu asiyenacho. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali lililoanzishwa 1981, nalo huwachukua baadhi yao, hasa kwenye ulinzi. Lakini kati ya cheti na kazi kuna miezi, pengine miaka, ya kusubiri nyumbani. Binti aliyekwenda Maramba, kule Mkinga, au Mgambo, kule Kabuku wilayani Handeni, akiamini anatoka na mshahara, hurudi na uchungu. Aliyekwenda akijua anatafuta cheti, nidhamu na ufundi wa kushona, kufuga au kuendesha trekta, hurudi na kitu mkononi hata tangazo lisipotoka.

Mwenye ulemavu unaoonekana aliyeitwa kwa mujibu wa sheria asikae nyumbani akidhani kambi si yake. Maelekezo humtaka aripoti Ruvu JKT, Mlandizi mkoani Pwani, kambi iliyoandaliwa miundombinu kwa ajili hiyo.

Wa tatu, anayeingia JWTZ, huanza upya kama kuruta, yaani askari mwanafunzi, hata kama alikuwa hodari JKT. Kwa Mtanga, shule ya mafunzo ya awali ya Kihangaiko si mbali: iko Msata, upande wa Bagamoyo na Chalinze, kwenye njia ile ile ya mabasi ya Dar es Salaam. Wanaochaguliwa kuwa maafisa huenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, Arusha. Na jeshi lenyewe ni kama mji: lina wauguzi, madaktari, mafundi mitambo, madereva, wapishi, wahasibu, wanamuziki wa bendi, wataalamu wa mawasiliano, marubani na mabaharia. Binti anayependa uuguzi anaweza kuwa muuguzi mwenye cheo. Wengi hawalijui hilo, wanawaza bunduki na lindo tu.

Kuna mvuto mwingine unaotajwa kwa kunong'ona: safari za ulinzi wa amani. Tanzania imepeleka vikosi Darfur, Lebanoni, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na anayerudi hujulikana mtaani kwa nyumba anayoanza kuijenga. Ufafanuzi unahitajika. Umoja wa Mataifa hulipa serikali, kwa kila askari kwa mwezi. Kiwango kilichopangwa 2018 kilikuwa dola 1,428. Askari mwenyewe hupokea posho inayopangwa na nchi yake, kwa hiyo asihesabu fedha hizo kama zake zote. Wanawake wanahitajika kweli huko, na lengo la Umoja wa Mataifa ni kwamba ifikapo 2028 wawe asilimia 15 ya wanajeshi walio katika vikosi. Sababu ni ya kazi yenyewe: kwenye kizuizi cha barabarani mwanamke hupekuliwa na mwanamke, na kijijini mama aliyebakwa hatamweleza mwanaume mgeni mwenye bunduki. Lakini hizo si safari za kitalii. Tarehe 7 Desemba 2017, kituo cha Semuliki mashariki mwa Kongo kilishambuliwa na walinzi wa amani wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Binti na wazazi wake wanapaswa kulitaja hilo kwa sauti kabla ya kusaini chochote.

Mwili nao una mashauri yake, na hapa tungependa tukae kidogo, kwa sababu mabinti wengi huvunjika moyo kwa mambo ambayo yangezuilika wakiwa bado nyumbani.

Mchakamchaka huanza tangu wiki ya kwanza, kila alfajiri, kisha kwata (mazoezi ya gwaride), fatiki (kazi za mikono za kambi) na kazi za shamba. Binti ambaye hajakimbia tangu michezo ya shule ya msingi anaiongezea mifupa yake mzigo ghafla. Misuli huzoea haraka, mfupa hukawia: unapopigwa kila siku kabla haujajijenga upya, hupata ufa mwembamba, mara nyingi kwenye muundi au kwenye mifupa ya unyayo. Kwa makuruta wa kike ufa huu hutokea zaidi kuliko kwa wa kiume, na majeshi mengi yameliona hilo. Dawa ni kuanza wiki nane hadi kumi na mbili kabla. Wiki ya kwanza tembea haraka nusu saa, siku nne. Kisha changanya, dakika mbili kukimbia, mbili kutembea, na kila wiki ongeza kama sehemu ya kumi tu ya uliyofanya wiki iliyopita. Kimbia kwenye udongo ulioshikana. Mchanga laini wa ufukwe wa Raskazone unazamisha kisigino na kuuvuta mshipa wa nyuma ya kisigino, na lami inapiga magoti. Pushapu anza kwa kuegemea ukuta, halafu ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni.

Raba usinunue siku moja kabla ya safari. Zinunue wiki tatu kabla, jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na kati ya kidole kirefu na ncha ya raba iache nafasi ya upana wa dole gumba. Zivae mpaka zikuzoee.

Damu ni jambo la pili. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na msichana anayepata hedhi nzito anaweza kuwa chini ya hapo bila kujijua. Kambini upungufu huo huonekana kama uvivu: anabaki nyuma, anahema, anashikwa na kizunguzungu, anasukumwa zaidi. Apime zahanati miezi miwili kabla. Kwenye sahani aweke maharage, mchicha, dagaa na nyama ikipatikana, na ale na chungwa la Muheza au ndimu hapo hapo, maana vitamini C yake husaidia mwili kuvuna madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya kula. Ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Dagaa waliwao na mifupa yao huleta kalisi (kalsiamu) pia. Utafiti uliotolewa 2008 kwa makuruta wa kike zaidi ya 5,000 wa jeshi la majini la Marekani ulionyesha kwamba waliopewa kalisi na vitamini D kwa wiki nane walipata nyufa za mifupa pungufu kwa takriban moja ya tano.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuficha maumivu. Binti anaogopa kurudishwa nyumbani, anafunga kitambaa na kuendelea. Maumivu ya msuli husambaa na hupungua ukipumzika usiku. Maumivu ya ufa unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, na usiku hayaondoki. Hayo yapelekwe kwa tabibu wa kambi siku hiyo hiyo. Ufa uliopumzishwa hupona kwa wiki kadhaa; uliofichwa huvunjika kabisa, na hapo safari ndiyo imekwisha.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo wazazi wa Tanga hawayazungumzi mapema. Kuna upimaji wa afya wakati wa kuripoti, ukiwamo wa ujauzito, na mwenye mimba hurudishwa. JWTZ kwa kawaida hutaka mwombaji awe hajaoa wala hajaolewa. Baba akiipokea posa katika ule muda wa kusubiri, kwa nia njema kabisa ya kumsitiri mwanawe, amemtoa kwenye foleni. Na akishakuwa askari, ndoa yake itahitaji kibali cha mkuu wake.

Kuna pia suala la usalama wake mbele ya wenye mamlaka juu yake, maana mkufunzi ana nguvu kubwa juu ya kuruta. Hili haliko jeshi moja wala nchi moja. Mwaka 2021 kamati ya ulinzi ya Bunge la Uingereza ilisikiliza maelfu ya wanawake, walio jeshini na waliostaafu. Asilimia 62 walisema wamewahi kuonewa, kubughudhiwa au kubaguliwa. Ajabu ni kwamba karibu tisa kati ya kumi ya wanawake hao hao walisema wangewashauri wanawake wengine wajiunge. Takwimu hizo mbili zinakaa pamoja, na anayezitenganisha anapotosha. Kazi inavuta kweli, na madhara ni ya kweli. Mwambie binti yako kabla hajapanda basi: ukiitwa peke yako usiku mahali pasipo pa kazi, mjulishe mwenzako wa hanga, yaani bweni la kambi, na afande wa kike, na jambo likitokea, litaje kwa afande wa kike na kwa tabibu, usingoje mpaka siku ya kufunga mafunzo.

Na matapeli. Kila tangazo likitoka huibuka mtu anayejua mtu, anayeomba fedha "ya kusukuma jina". Nafasi haziuzwi, na majeshi yameonya hivyo mara nyingi. Fedha ikishatoka hairudi, na anayenunua nafasi naye ameingia kwenye kosa la rushwa.

Basi kama binti ameshaamua, mvuto wake ni wa kweli na mwili uko tayari, kilichobaki ni makaratasi, na huko ndiko wengi wanakokwama bila kutarajia. Tangazo la JWTZ la 2025 lilitaka umri usiozidi miaka 24 kwa kidato cha nne na cha sita, 26 kwa stashahada, 27 kwa shahada. Muda wa kutuma maombi huwa mfupi, na kasoro za majina hazirekebishwi ndani ya muda huo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanaid, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika jina la babu mahali pa baba. Viweke vyote mezani leo, kimoja pembeni ya kingine, na uvisome herufi kwa herufi. Penye tofauti, nenda RITA, wanaosajili vizazi, au NIDA, au kwa wakili kwa hati ya kiapo, miezi mingi kabla ya tangazo. Halafu barua ya maombi, ikitakiwa kwa mkono, aiandike binti mwenyewe kwa wino na mwandiko wake, majina yake yote matatu juu, kama yalivyo kwenye cheti.